Vijidudu Vigandishavyo Maziwa: Namna Vinavyotambuliwa

Wafugaji wa Kenya wamejua tangu kale kwamba maziwa mabichi hayakai, na kila kabila lilijitafutia njia ya kuyagandisha ili yadumu. Wakalenjin hutengeneza mursik katika kibuyu kilichosuguliwa ndani kwa mkaa wa mti uitwao senetwet. Wamasai hutengeneza kule naoto katika kibuyu kilichosafishwa kwa kijinga cha mzeituni-mwitu. Wasomali wa upande wa kaskazini hutia maziwa ya ngamia katika chombo kilichofukizwa moshi, wakayaacha siku moja au mbili, nayo yakawa suusac. Hakuna atiaye dawa wala hamira ya dukani. Maziwa huganda yenyewe, nayo hunywewa na wakubwa kwa wadogo.

Mwaka 2012 wataalamu walitangaza habari ya hayo maziwa ya ngamia ambayo haikutarajiwa. Walikuwa wamechunguza sampuli 24 za suusac kutoka Kenya na Somalia, na katika asilimia 88 ya hizo kilikutwa kijidudu kimoja cha jamii ya streptokoki, ambacho jina lake la Kilatini ni Streptococcus infantarius. Wala hakikuwa kichache. Katika mililita moja ya maziwa, yaani kiasi cha matone ishirini, idadi yake ilizidi milioni 100.

Lililowatia shaka ni ukoo wake. Ndugu za kijidudu hicho wamepatikana mara kwa mara katika damu ya wagonjwa, hasa wale ambao vali za mioyo yao zimeingiwa na maradhi. Basi hapo palizuka swali kubwa. Katika nchi kavu za kaskazini maziwa ya ngamia si kiburudisho. Ni chakula chenyewe, na kwa miezi mingi ya kiangazi huwa chakula kikuu cha nyumba. Je, watu hao wamekuwa wakinywa ugonjwa vizazi na vizazi, au ni jina tu lililofanana? Swali kama hilo halijibiwi kwa macho, wala kwa ulimi wa mwonjaji, wala hata kwa hadubini. Hujibiwa kwa kuzisoma jeni za kijidudu chenyewe, yaani chembe zake za urithi.

MAZIWA HUGANDAJE

Ndani ya maziwa mna sukari ya namna yake iitwayo laktosi. Vijidudu fulani, ambavyo ni bakteria, hula sukari hiyo na kutoa asidi. Asidi ikizidi, protini ya maziwa iitwayo kaseini haiwezi tena kuelea katika maji. Hushikamana, na maziwa yakawa mazito. Ule ukali unaosikika ulimini ndio asidi yenyewe. Tena asidi hiyo huvifukuza vijidudu vingi viozeshavyo, na ndiyo sababu maziwa yaliyoganda vizuri hudumu kuliko mabichi.

Mfaransa Louis Pasteur alionyesha mwaka 1857, alipokuwa mjini Lille, kwamba kuchachuka huku ni kazi ya viumbe hai. Lakini aliyefaulu kukitenga kijidudu kimoja peke yake alikuwa daktari Mwingereza, Joseph Lister, ambaye watu wengi humkumbuka kwa kuwafundisha wapasuaji kuua vijidudu katika vidonda. Mwaka 1878 alieleza jinsi alivyofanya. Aliyachukua maziwa yaliyochachuka, akayapunguza nguvu kwa maji safi mara nyingi hata akakadiria kwamba kila tone lina kijidudu kimoja au halina kabisa. Kisha akatia tone moja moja katika bilauri za maziwa yaliyochemshwa. Baadhi ya bilauri ziliganda na nyingine zikabaki kama zilivyokuwa. Zile zilizoganda zilikuwa na uzao wa kijidudu kimoja tu. Njia hiyo ya kupunguza na kutenga ingali ikitumika katika maabara zote, na mtu akiitazama sana ataona kwamba haikuhitaji chombo cha ajabu, ila subira.

Katika kibuyu, hata hivyo, kijidudu hakikai peke yake. Wataalamu waliochunguza kule naoto, wakatangaza matokeo yao mwaka 2004, walitenga bakteria 300 wa kugandisha maziwa kutoka sampuli 22 zilizotoka katika nyumba za Wamasai. Wengi walikuwa wa jamii ya laktobasili, na miongoni mwa hao aina iitwayo plantarum ilizidi zote. Lakini walikuwako pia enterokoki, laktokoki na leukonostoki. Hiyo ni jumuiya nzima, wala si mkazi mmoja. Moshi na mkaa huviua vijidudu vingi vilivyobaki ndani ya kibuyu, na anayedhani kwamba ni vya kutia harufu na rangi tu amejua nusu ya habari. Vile vinavyosalia katika vinyweleo vya kibuyu, pamoja na vile vinavyoingia na maziwa mapya, ndivyo vinavyoanza kazi upya.

KUTAMBUA KWA SURA NA TABIA

Kwa muda mrefu vijidudu hivi vilitambuliwa kwa mambo yanayoonekana. Mwaka 1884 Hans Christian Gram, daktari wa Denmark, alivumbua njia ya kuwatia bakteria rangi, ili walioshika rangi watengwe na walioikataa. Bakteria wa kugandisha maziwa wote huishika. Mwaka 1919 Mdenmark mwingine, Sigurd Orla-Jensen, alitoa kitabu kikubwa kuhusu bakteria hao, akiwapanga kwa umbo lao, ama kijiti ama duara, kwa joto wanalolipenda, na kwa sukari wanazoweza kula. Kazi yake ilikuwa ya uangalifu mno, na makundi mengi aliyoyataja yalitumika kwa zaidi ya nusu karne.

Lakini njia hiyo ina udhaifu. Chini ya hadubini, duara la laktokoki lisilo na madhara na duara la streptokoki la ugonjwa hufanana kama punje mbili za mtama. Na tabia ya kula sukari si ya kutegemewa daima. Katika laktokoki, kwa mfano, jeni za kula laktosi aghalabu hazimo katika mwili mkuu wa urithi, bali zimo katika kipete kidogo kilicho mbali, kiitwacho plasmidi. Kijidudu kinaweza kukipoteza kipete hicho kinapogawanyika, na tangu siku hiyo hakigandishi maziwa tena vizuri, ingawa ni kile kile. Kukitambua kwa tabia hiyo ni kama kumtambua mtu kwa kanzu aliyoivaa, akiivua, amepotea.

Maziwa ya ngamia yenyewe ni mfano. Uchunguzi wa suusac ya Kenya uliotangazwa mwaka 2005, uliotegemea zaidi majaribio ya sukari, ulitaja laktobasili wa aina kadhaa, leukonostoki, laktokoki, na hamira mbalimbali. Yule streptokoki aliyekuja kuonekana kwa wingi mwaka 2012 hakutajwa. Yamkini sampuli zilitofautiana, maana kila boma lina maziwa yake. Lakini ni wazi kwamba mtafutaji hupata kwa kadiri ya chombo alichonacho mkononi.

KUSOMA MAANDISHI YA URITHI

Kila kiumbe hai kina ndani yake uzi mrefu uitwao DNA, ambamo maagizo yote ya maisha yake yameandikwa kwa herufi nne tu: A, C, G na T. Kijidudu cha maziwa kina herufi zipatazo milioni 2 au 3. Sehemu ya maandishi hayo ambayo ni agizo moja kamili huitwa jeni.

Mwaka 1977 Carl Woese, mtaalamu wa Marekani, alionyesha kwamba koo za bakteria zaweza kutambuliwa kwa kulinganisha kitu kimoja kilichomo katika mitambo inayotengeneza protini ndani ya kila kiumbe. Jeni ya kitu hicho katika bakteria ina herufi kama 1,500. Kwa kuwa hakuna kiumbe kinachoweza kuishi bila mitambo hiyo, jeni hiyo hubadilika polepole sana, na kwa hiyo hutunza kumbukumbu ya ukoo. Bakteria wawili ambao herufi zao karibu zote zinalingana ni jamaa wa karibu. Zikitofautiana sana, ni wageni kwa wageni, hata kama sura zao ni moja.

Tabu ilikuwa kwamba DNA ya kijidudu kimoja ni kidogo mno isomeke. Tabu hiyo iliondolewa na njia aliyoibuni Mmarekani Kary Mullis mwaka 1983, ambayo ilimpatia Tuzo ya Nobel mwaka 1993. DNA hutiwa katika kineli pamoja na herufi zilizo huru na kimeng'enya cha kuziunganisha. Kineli hupashwa moto hadi digrii 94 hivi, na uzi ambao ni wa nyuzi mbili zilizosokotwa ukaachana. Kisha hupozwa, na vipande vifupi vilivyotengenezwa kwa makusudi hushika mwanzo na mwisho wa jeni inayotakiwa. Halafu joto huongezwa kufika digrii 72, na kimeng'enya huandika upya kila uzi. Mmoja umekuwa miwili, miwili huwa minne. Baada ya mizunguko 30, kazi ya saa chache, nakala moja huzaa zaidi ya milioni 1,000. Kimeng'enya cha kawaida kingekufa katika moto huo. Kilichotumiwa kilitoka kwa bakteria wa chemchemi za maji ya moto za Yellowstone huko Marekani, ambazo huchemka na kutoa mvuke kama zile za Bogoria.

Hata hivyo jeni hiyo moja haimalizi maneno. Laktobasili plantarum, yule aliyejaa katika kule naoto, ana ndugu wawili ambao jeni yao ya ukoo inalingana na yake karibu herufi kwa herufi. Hapo hutazamwa jeni nyingine inayobadilika upesi zaidi, kama ile iitwayo recA. Na kama jambo linalotakiwa ni kumjua mmoja miongoni mwa plantarum wenyewe, kwa kuwa hata hao hutofautiana kama watoto wa mama mmoja, DNA yote hukatwa kwa vimeng'enya vinavyokata mahali maalumu. Vipande hutiwa katika bamba la ute mzito na kuvutwa kwa umeme. Vidogo hukimbia mbele, vikubwa hubaki nyuma, na mwisho huonekana mistari iliyopangana kama ngazi. Mpango wa mistari hiyo ni kama alama ya kidole gumba. Kwa njia ya namna hii imejulikana kwamba aina moja ya bakteria yaweza kuwa na nasaba nyingi, na kwamba nasaba moja huganda upesi na kutoa harufu nzuri, hali nyingine ya jina lile lile ni goigoi.

Tangu mwaka 2001, kijidudu cha maziwa cha kwanza, laktokoki, kiliposomwa herufi zake zote huko Ufaransa, imewezekana kusoma kitabu kizima badala ya ukurasa mmoja. Matokeo yake yamewasumbua waliokariri majina ya zamani. Kijidudu alichokitenga Lister kilikuwa kimeitwa Streptococcus lactis kwa miaka mingi. Mwaka 1985 kiliondolewa katika jamii hiyo kikawa Lactococcus lactis. Mwaka 2020 jamii yote ya laktobasili, iliyokuwa na aina zaidi ya 260, iligawanywa kuwa jamii 25, kwa sababu jeni zilionyesha kwamba waliokuwa wakiitwa ndugu walikuwa mbali kuliko watu walivyodhani. Plantarum sasa huandikwa Lactiplantibacillus plantarum. Mtu aweza kunung'unika kwamba jina ni refu, lakini ugawaji huo haukufanywa kwa kupenda mabadiliko.

JIBU LA SUUSAC

Sasa turudi kwa streptokoki wa maziwa ya ngamia. Wataalamu waliposoma jeni zake waliona jambo la ajabu. Alikuwa na jeni zake za ukoo, kama ilivyopasa. Lakini pamoja na hizo alikuwa na fungu la jeni za kula laktosi ambalo halikupatikana kwa jamaa zake waliokuwa wamekwisha kusomwa. Fungu hilo lililingana kwa asilimia 91.7 hadi 97.6 na lile la Streptococcus thermophilus, naye ni yule bakteria anayetumika ulimwenguni kote kutengeneza mtindi wa dukani. Wachunguzi waliwapima streptokoki 46 waliotoka katika suusac, na wote walikuwa nalo. Tena lilipatikana katika bakteria wa maziwa ya ng'ombe yaliyoganda kutoka Mali, upande wa pili wa bara la Afrika.

Maana yake, kwa dhana yao, ni kwamba zamani fulani bakteria hawa walikutana ndani ya maziwa na jeni zikahama kutoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine. Jambo hilo si geni kwa bakteria. Wao hawarithi kwa wazazi tu. Hupokea hata kwa jirani. Aliyepokea jeni za kula laktosi upesi aliwashinda wenzake katika chombo cha maziwa.

Streptokoki mmoja wa suusac ya Kenya, aliyepewa alama ya CJ18, alisomwa herufi zote, zipatazo milioni 2, na habari zake zikatolewa mwaka 2012 na 2013. Jeni zake kadhaa zilikuwa zimeharibika, kama nyumba iliyoachwa isikaliwe, ishara ya kiumbe kilichozoea maziwa na kuacha maisha mengine. Baadhi ya jeni zinazohusiana na ugonjwa katika jamaa zake hazikuwamo. Hii inafanana sana na habari za thermophilus mwenyewe. Yeye naye ni wa ukoo wa streptokoki, ambao wengine wao huleta maradhi ya koo na ya mapafu. Lakini aliposomwa mwaka 2004 ilionekana kwamba jeni nyingi za namna ya ugonjwa zimepotea au zimeharibika ndani yake.

Pamoja na hayo wataalamu hawakutangaza kwamba streptokoki wa suusac ni salama. Walisema uchunguzi wa usalama wake unatakiwa, na walifanya vema kusema hivyo, kwa sababu jeni chache kutokuwamo si sawa na cheti cha afya. Kwa upande wa pili, lingekuwa kosa mtu kuchukua jina la Kilatini katika kitabu cha magonjwa na kwenda kuwakataza wafugaji chakula chao. Lililo dhahiri ni hili: bakteria wa jina moja waweza kuwa na tabia mbili, na anayetaka kuchukua mbegu kutoka katika chombo cha suusac ili aikuze na kuiuza kwa watu wengi hana budi kujua ameshika yupi.

MBEGU YA KUGANDISHIA

Jambo hilo lina haja ya karibu. Viwanda vinavyotengeneza maziwa lala, au mala kama yanavyoitwa madukani, huchemsha maziwa kwanza, kisha hutia mbegu ya bakteria waliochaguliwa. Mbegu ya namna hiyo hutengenezwa sana Ulaya, husafirishwa ikiwa imekaushwa, na hutaka kuwekwa penye baridi kali. Kwa kikundi kidogo cha wenye ng'ombe watano au ngamia kumi, mbali na umeme, ni gharama na taabu. Ndiyo sababu watafiti wa Kenya wamependezwa na bakteria wa vibuyu, waliokwisha kuzoea joto na maziwa ya nchi hii. Kabla ya kukubaliwa, kila mmoja huchunguzwa jeni zake: kama zina dalili ya ugonjwa, na kama anazo jeni za kustahimili dawa za hospitali ambazo zaweza kuhamia kwa bakteria wengine. Enterokoki, ambao hupatikana sana katika maziwa ya kienyeji, hushukiwa hasa kwa jambo hilo la pili.

Kuna hatari nyingine ambayo haihitaji maabara kuieleza. Ukali wa maziwa hauui kila kitu. Vijidudu vya kifua kikuu cha ng'ombe na vya brusela, ile homa ya kurudiarudia inayowapata wafugaji, vyaweza kubaki hai katika maziwa yaliyoganda kama hayakuchemshwa kwanza. Lakini kuchemsha huua pia bakteria wema wa kugandisha, na wengi waliojaribu wameona maziwa yaliyochemshwa yakiharibika kwa uchungu na uvundo badala ya kuganda, wakafikiri kwamba kuchemsha ndiko kulikoyaharibu. Sivyo. Yalikosa mbegu.

Apendaye kuyagandisha nyumbani huyachemsha maziwa mpaka yafoke, huyaacha yafunikwe hadi yawe vuguvugu tu, kisha hutia vijiko viwili vitatu vya mala safi ya dukani ambayo haikupashwa moto baada ya kuganda, akakoroga na kufunika. Katika joto la kawaida la nyumba huwa tayari siku ya pili. Kijiko cha hayo chaweza kutumika kuwa mbegu ya yatakayofuata, lakini kila mara vijidudu vya mkono, vya kijiko na vya hewa huingia kidogo; ladha ikianza kubadilika, au ikitokea povu, mbegu hiyo hutupwa na nyingine ikanunuliwa.